John Thaw, askari kanzu aliyejua kusikiliza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaopenda tamthilia za upelelezi za Uingereza. Wengi wao wamemwona Thaw katika kazi moja tu na hawajui alikotokea. Sikuyapanga kwa ustadi wowote. Tahadhari moja: huko chini nafichua jina la kwanza la Morse na jinsi anavyoishia. Asiyetaka kuharibiwa uhondo ayaruke maswali hayo. Nitapiga mbiu kabla ya kufika.

John Thaw ni nani?

Mwigizaji Mwingereza, aliyezaliwa Manchester tarehe 3 Januari 1942 na kufariki tarehe 21 Februari 2002. Waliokuwa na televisheni miaka ya 1970 wanamkumbuka kama Jack Regan, mpelelezi mkali wa tamthilia ya The Sweeney. Waliokuja baadaye wanamjua kama Mkaguzi Mkuu Morse wa Oxford. Ukimwonyesha mtu picha za Regan na za Morse bila kumwambia kitu, usishangae akibisha kwamba huyo ni mtu mmoja.

Mtoto wa dereva wa lori aliingiaje kwenye chuo cha uigizaji cha London?

Baba yake, Jack Thaw, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mama aliondoka nyumbani John akiwa na miaka saba, akamwacha yeye na mdogo wake Ray kwa baba ambaye kazi yake ilikuwa barabarani. Walikulia Gorton na Burnage, mitaa ya wafanyakazi ya Manchester. Shuleni hakung'ara: alitoka akiwa amefaulu somo moja tu kwenye mitihani ya kitaifa. Baada ya hapo alibeba mizigo sokoni, akajifunza kuoka mikate.

Mwaka 1958, akiwa na miaka 16, alikubaliwa RADA, chuo cha kifalme cha sanaa za maigizo. Kwa kawaida wanafunzi wa pale walikuwa wakubwa kuliko yeye, na wengi walitoka familia zenye uwezo. Yeye alifika na lafudhi ya Manchester iliyowafanya wengine wageuke kumtazama. Bahati ilikuwa upande wake, kwa sababu miaka ileile sinema na televisheni za Uingereza zilianza kutafuta sura za watoto wa wafanyakazi. Tom Courtenay, rafiki yake wa pale chuoni, naye alitoka familia ya namna hiyo, akawa nyota mapema zaidi.

Nawaomba wasomaji waushike ule upweke wa nyumbani, kwa sababu unaonekana kila anaponyamaza mbele ya kamera. Huo ni mtazamo wangu, lakini sijakutana na aliyeupinga baada ya kumtazama vizuri.

Alianza lini kuigiza askari?

Kazi yake kubwa ya kwanza ya televisheni ilikuwa Redcap, kati ya 1964 na 1966. Aliigiza Sajini John Mann wa polisi wa jeshi, wale wanaochunguza makosa ya wanajeshi wenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na kitu lakini tayari sura yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoshwa na uongo wa watu.

The Sweeney maana yake nini?

Ni lugha ya mitaani ya mashariki mwa London, ambako watu hutaja kitu kwa maneno yenye vina nacho, kisha hukata kipande cha mwisho ili mgeni asiambulie chochote. Flying Squad, kikosi cha polisi wa London cha kukabili majambazi wenye silaha, kina vina na Sweeney Todd, kinyozi wa hadithi za kale aliyewachinja wateja wake. Kata "Todd", unabaki na "Sweeney". Waliozoea sheng hawatapata taabu kuuelewa mchezo huu. Na Wakenya hawahitaji kuelezwa Flying Squad ni nini, maana polisi wa kwao nao walikuwa na kikosi cha jina hilohilo kwa miaka mingi.

Regan alikuwa polisi wa namna gani mpaka watu washtuke?

Kabla yake, polisi wa televisheni ya Uingereza alikuwa mtu wa kuheshimika, anayemshika mkono bibi kizee avuke barabara. Regan anavunja mlango kwanza, kibali baadaye. Anatukana, anapiga, analewa, ndoa yake imevunjika, anawadharau wakubwa wake wanaokaa ofisini na mafaili. Pembeni yake yupo Sajini George Carter, aliyeigizwa na Dennis Waterman, na wawili hao walipendana kikweli hata nje ya kazi.

Kampuni ya Euston Films ilipiga picha mitaani, si studio: bandarini, kwenye viwanja vya magari mabovu, kwenye maghala yaliyokwisha kutelekezwa. London inayoonekana mle ni ile ya matope na kuta zilizobomoka, na leo watu wanaitazama pia kama kumbukumbu ya mji ambao haupo tena. Filamu ya majaribio, yenye jina la Regan, ilitoka 1974. Mfululizo wenyewe ulianza 2 Januari 1975 na kwisha 1978, jumla ya vipindi 53, pamoja na filamu mbili za sinema katikati.

Hesabu tarehe hiyo: siku iliyofuata ndipo Thaw alipotimiza miaka 33. Kila mtu alidhani ana arobaini na ushei. Nywele zake zilianza kuwa nyeupe mapema, na uso ulikuwa na mikunjo ambayo mtengeneza sura hakuhitaji kuichora.

Je, polisi wa kweli walikuwa hivyo? Mwaka 1977, tamthilia ikiwa bado hewani, aliyekuwa mkuu wa Flying Squad alihukumiwa kifungo cha miaka minane kwa rushwa. Kwa hiyo waliolalamika kwamba tamthilia inawachafua polisi walibaki na kazi ngumu ya kujieleza.

Kutoka Regan mpaka Morse, ilikuwaje?

Kipindi cha kwanza cha Inspector Morse kilionyeshwa tarehe 6 Januari 1987, siku tatu baada ya Thaw kutimiza 45. Kiliandikwa na Anthony Minghella, ambaye baadaye angekuwa mwongozaji mkubwa wa sinema. Uamuzi uliowatia watu wasiwasi ni urefu: saa mbili kamili pamoja na matangazo, kwa kisa kimoja. Enzi zile saa moja ndiyo iliyokuwa kawaida ya tamthilia ya polisi. Lakini saa mbili zilimpa mwigizaji kama Thaw kitu alichokihitaji kuliko maneno, yaani nafasi ya kukaa kimya.

Morse ni mtu wa vitabu, opera ya Wagner, mashairi na mafumbo ya maneno ya gazetini. Aliwahi kusoma Oxford na hakumaliza. Anaogopa damu, anaogopa vimo virefu, na kila siku anaitwa penye maiti. Ni mkono wa birika: bia anakunywa yeye, anayelipa ni Lewis, sajini wake. Huwapenda wanawake wasio sahihi, na mara kadhaa mwanamke anayempenda ndiye anayehusika na mauaji. Tena, hili watu husahau, mara nyingi anamtuhumu asiyehusika kabla ya kumpata mwenyewe.

Wamepiga vipindi 33 kwa miaka 13, cha mwisho tarehe 15 Novemba 2000. Thaw alipata tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora kwa Morse mara mbili, 1990 na 1993, na mwaka 2001 akapewa ile ya heshima ya maisha yote ya kazi.

Mtu aliyemudu Regan alimudu vipi Morse? Si ni mbingu na ardhi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu langu ni kwamba hawako mbali kama wanavyoonekana. Chukua onyesho lolote la Thaw akimhoji mtu. Usimtazame anayejibu, mtazame yeye. Waigizaji wengi husubiri zamu yao ya kusema, na unaona kabisa midomo ikijiandaa. Thaw anasikiliza kana kwamba hajui jibu litakuwa nini. Neno likimgusa, jicho moja linapungua kidogo. Akiona uongo, haongei. Anaangalia pembeni, kama mtu mwenye aibu kwa niaba ya muongo.

Regan anasikiliza kwa pupa, anataka jina la jambazi atoke mbio. Morse anasikiliza kwa maumivu, kwa sababu anajua akiupata ukweli atabaki na mtu mwingine wa kumhurumia. Chombo ni kilekile, moto ndio uliobadilishwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Regan ilikuwa kazi ya misuli tu na kwamba uigizaji wake ulianzia Oxford. Rudi ukamwangalie Regan anapompigia simu binti yake asiyeishi naye. Morse mzima yuko pale.

Lewis wa vitabuni ndiye huyu wa televisheni?

Hapana. Katika riwaya za Colin Dexter, zilizoanza 1975, Lewis ni mtu wa Wales, mtu mzima, rika la Morse au kumzidi. Televisheni ilimtaka kijana, ikamchukua Kevin Whately na lafudhi yake ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mwenye mke, watoto na akili ya kawaida ya binadamu. Gari nalo lilibadilishwa: Morse wa mwanzo vitabuni aliendesha Lancia, lakini watayarishaji wakampa Jaguar Mark 2 ya rangi ya damu ya mzee, namba 248 RPA. Mfululizo ulipopendwa, Dexter mwenyewe alianza kuandika riwaya zinazofuata televisheni. Mwandishi kumfuata mwigizaji si jambo la kila siku. Kuhusu Jaguar yenyewe, ilikuwa nzuri kwa macho na msumbufu kwa dereva, na Thaw hakuwa na mapenzi nayo.

Ule mlio wa mwanzo wa muziki una siri gani?

Mtunzi wake, Barrington Pheloung kutoka Australia, aliandika kwa mdundo wa alama za simu za upepo, zile za nukta na kistari zinazoitwa kwa jina hilohilo la Morse. Ukizisoma zinatamka M-O-R-S-E. Katika vipindi vingine alificha mle jina la muuaji, na mara nyingine jina la mtu asiye na hatia ili kuwapoteza wenye masikio makali.

Jina la kwanza la Morse ni nani? (Asiyetaka kujua aruke.)

Kwa miaka kumi alikuwa Morse tu. Akiulizwa jina, alijibu kwa mzaha au akabadilisha mazungumzo. Dexter, aliyekuwa bingwa wa mafumbo ya maneno, alilifichua kwa fumbo katika riwaya ya 1996, na kipindi cha 1997 kikafuata. Morse anamwambia Lewis na mwanamke aliye naye kwamba juhudi ya maisha yake yote imezunguka "around Eve", herufi tisa. Changanya herufi hizo tisa upya, unapata Endeavour, neno lenyewe likiwa na maana ya juhudi. Mama yake alikuwa wa madhehebu ya Quaker, ambao huwapa watoto majina ya fadhila. Baba yake alivutiwa sana na nahodha Cook, ambaye meli yake iliitwa hivyo. Jina zuri kwa meli. Kwa mtoto wa shule ni mateso, na mtu unaelewa kwa nini alilizika.

Je, Thaw aliwahi kuigiza jambo lolote la Afrika?

Ndiyo, na ni kazi ambayo mashabiki wengi wa Morse huisahau. Mwaka uleule wa 1987 alipoanza Morse, ilitoka sinema ya Richard Attenborough, Cry Freedom, kuhusu Steve Biko, mpinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na mwandishi wa habari Donald Woods. Denzel Washington ni Biko, Kevin Kline ni Woods. Thaw ni Jimmy Kruger, waziri wa polisi wa serikali ya makaburu. Picha zilipigwa Zimbabwe, kwa kuwa Afrika Kusini ya wakati huo isingewezekana.

Biko alifia mikononi mwa polisi tarehe 12 Septemba 1977. Serikali kwanza ilidai alikuwa amegoma kula; uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya ubongo. Kruger wa kweli alisimama mbele ya mkutano wa chama chake akasema kifo hicho hakimgusi.

Mwigizaji mwingine angemfanya Kruger zimwi la kupiga kelele. Thaw anampokea Woods nyumbani kwake kwa adabu, kama jirani mzee mwenye busara. Anamsikiliza mpaka mwisho, kwa makini yaleyale ya Morse, na Woods anaondoka akiwa na matumaini. Halafu tunaona yale aliyoyasikia ameyatumia vipi: polisi wa usalama wanamjia Woods mwenyewe. Ni dakika chache tu katika sinema ndefu, lakini mimi tangu nizione sijaweza tena kutazama chumba cha mahojiano cha Morse kwa utulivu ule wa zamani. Kipaji cha kumfanya mtu afungue moyo hakisemi chochote juu ya atakayeyashika yaliyotoka.

Aliwahi kuanguka?

Vizuri sana. A Year in Provence ya 1993, kuhusu Mwingereza na mkewe waliohamia Ufaransa, ilipondwa na wahakiki na watazamaji wakaikimbia. Watu hawakutaka kumwona akila chakula kizuri kwenye jua. Walitaka mvua na maiti.

Kavanagh QC naye si mpelelezi?

Si mpelelezi, ni wakili wa mahakama kuu, ingawa kesi zake huwa na upelelezi ndani. Tamthilia hiyo ilianza 1995 na kwisha 2001. Kavanagh ni mtoto wa wafanyakazi wa kaskazini aliyepanda ngazi mpaka kuvaa wigi la mahakamani, na kwa asili ndiye aliyekuwa karibu zaidi na Thaw mwenyewe. Kwa utamu, kwangu mimi, iko nyuma ya Morse kwa mbali.

Alikuwa mtu wa namna gani nyumbani?

Mkewe wa pili, mwigizaji Sheila Hancock, alifunga naye ndoa tarehe 24 Desemba 1973 na walikuwa pamoja hadi kifo chake. Mwaka 2004 alitoa kitabu, The Two of Us, kinachoeleza waziwazi ndoa hiyo: mapenzi yao, ugomvi, na pombe iliyomtesa mumewe kwa miaka mingi hadi alipoiacha. Thaw alikuwa mwenye haya, hakupenda waandishi wa habari, na muziki wa opera na okestra aliupenda kweli, si kwa ajili ya Morse tu.

Alifariki kwa nini?

Saratani ya umio, iliyogunduliwa mwaka 2001. Alifia nyumbani kwake Luckington, Wiltshire, akiwa na miaka 60.

Kwa nini hajapatikana Morse mwingine?

Dexter hakutaka mtu mwingine amwigize Morse aliyekwisha kuwa mtu mzima. Kilichoruhusiwa ni kurudi nyuma: Endeavour, kuanzia 2012 hadi 2023, vipindi 36, ambapo Shaun Evans ni Morse kijana wa miaka ya 1960 na kuendelea. Kabla ya hapo Lewis alipata mfululizo wake mwenyewe, 2006 hadi 2015. Ukitazama Endeavour, mwangalie mhariri wa gazeti, Dorothea Frazil. Anaigizwa na Abigail Thaw, binti wa John. Katika filamu ya kwanza anamuuliza kijana Morse kama wamewahi kukutana. Kijana anakana, naye anasema basi huenda ilikuwa katika maisha mengine. Waliomjua baba yake walilia hapo.

Nianze na ipi? (Hapa chini kuna mwisho wa Morse.)

Usianze na Regan ukiwa umetoka kula. Anza na Morse kipindi cha kwanza, The Dead of Jericho, uzoee mwendo wake wa pole. Kisha Masonic Mysteries ya 1990, iliyoongozwa na Danny Boyle kabla hajawa maarufu: humo Morse mwenyewe anasingiziwa mauaji, na kwa mara moja ndiye anayekaa upande wa pili wa meza. Baada ya hapo rudi kwa The Sweeney, vipindi viwili vitatu vinatosha kujua kama utampenda au la. Goodnight Mister Tom ya 1998, ambamo Thaw ni mzee mpweke anayeletewa mtoto aliyehamishwa kutoka London wakati wa vita, iweke kwa siku ambayo huna aibu ya kutoa machozi mbele ya watu wa nyumbani.

The Remorseful Day, kipindi cha mwisho cha Morse, uikute mwishoni kabisa, usishawishike kuiwahi. Morse anaanguka kwenye nyasi za ua wa chuo cha Exeter huku kwaya ikiimba, na kabla ya kukata roho anaomba Lewis ashukuriwe. Chumba cha maiti kipo kimya. Lewis anainama, anambusu kwenye paji la uso, kisha anamuaga kwa lilelile neno la heshima ambalo sajini humwita mkubwa wake. Jina lake amekwisha kulijua miaka mitatu. Halitumii.